Kabla ya kulaumu redio, tazama chakula chake

Mara nyingi redio hushtakiwa kwa makosa yasiyo yake. Sauti ikikwaruza, mwenyewe huipiga kofi ubavuni. Muziki ukivuma vibaya katika sherehe, lawama humwangukia mpiga santuri, au husemwa kwamba spika zimechoka. Chombo kikinyamaza kabisa, hupelekwa kwa fundi na kukaa huko miezi, au hutupwa jalalani. Ni wachache wanaouliza swali linalostahili kuulizwa kwanza: je, chombo hiki kimelishwa nini?

Neno hilo la kulishwa tumelitumia kwa makusudi. Redio, santuri, kanda na vipaza sauti vyote huishi kwa umeme kama kiumbe aishivyo kwa chakula, na umeme, kama chakula, una aina nyingi. Uko ulio safi na uko wenye takataka. Uko wa kutosha na uko haba. Tena uko unaoweza kumwua mlaji na mlishaji kwa pamoja. Leo twapenda kueleza aina hizo, ili msomaji wetu ajue anunue nini, aepuke nini, na amwulize nini fundi wake.

Yafaa tuanze na jambo lisilojulikana na wengi. Sauti kubwa itokayo katika spika haitoki katika kanda, wala katika santuri, wala katika mawimbi yanaswayo na eriali. Hivyo vyote hutoa umeme mdogo mno, usioweza kuitikisa spika ikasikika chumbani. Umeme uitikisao spika hutoka mahali pamoja tu, nao ni chombo cha kulishia, kiwe ni betri au ni kasha lililochomekwa ukutani. Kazi ya amplifaya ni kama kazi ya mtu aliyeshika bomba la maji. Mkono wake hauongezi maji hata tone moja. Yeye hufungua na kufunga tu, kwa kuufuata mwendo wa wimbo. Maji yenyewe yamo katika tangi. Tangi likiwa na tope, bombani patatoka tope. Tangi likiwa dogo, maji yatakatika pale pale yanapohitajiwa zaidi, yaani ngoma nzito inapopigwa.

Basi tuyatazame matangi hayo moja baada ya jingine.

BETRI KAVU

Chakula cha kwanza cha redio katika nchi zetu kilikuwa betri kavu, ambayo wengine huiita jiwe la tochi. Usafi wake hauna mfano. Umeme wake huenda upande mmoja tu, bila kupanda wala kushuka, na kwa hiyo hauna mvumo wowote. Mafundi huuita mkondo mnyoofu. Kila betri ya kawaida ya zinki na kaboni, iwe kubwa au ndogo, hutoa volti 1.5, ukubwa hauongezi volti, bali huongeza muda. Ukizipanga nne kwa mfuatano unapata volti 6, na sita zatoa volti 9.

Ubaya wa betri ni bei yake. Historia yatuonyesha hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1949, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, iliuzwa redio ndogo ya buluu iliyoundwa kwa kasha la sufuria ya alumini, nayo ikapata jina kwa ajili ya sufuria hiyo. Ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya wasikilizaji wa Afrika wasiokuwa na umeme nyumbani. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake ilikuwa shilingi 25, yaani robo ya bei ya redio yenyewe, nayo ilidumu kiasi cha saa 300. Redio za wakati ule zilitumia vali za kioo. Kila vali ilitaka moto mdogo wa kuupasha waya wake, na juu ya hayo ilitaka volti nyingi, aghalabu 90, za kusukuma umeme ndani yake.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwezi Desemba mwaka 1947, ndiyo iliyokata mzigo huo. Haina waya wa kupashwa moto, wala haitaki volti 90. Redio ya transista ya kwanza kuuzwa madukani, iliyotoka Marekani mwaka 1954, ilitumia betri moja tu ya volti 22.5, na zilizoifuata zikatosheka na 9 au 6. Hapo ndipo redio ilipoweza kubebwa shambani na machungani. Viwanda vya betri navyo vikasimama karibu nasi: kile cha Dar es Salaam kilichoanzishwa na Wajapani mwaka 1966, na kile cha Nakuru kilichofuata mwaka 1967, ambacho kilifungwa mwaka 2014.

Hata hivyo hesabu bado ni kali. Betri kubwa ya zinki na kaboni, hata ikiwa nzuri, ina umeme wa kiasi cha wati 10 kwa muda wa saa moja. Maana yake ni kwamba kuupata umeme ulio sawa na uniti moja ya mita ya nyumbani kwahitajiwa betri kama 100. Redio ndogo ilayo nusu wati yaweza kuishi saa 80 kwa betri nne, na kwa hiyo yafaa. Lakini mtu anayeilisha redio kubwa ya kanda kwa betri nane, na kuifungulia sauti mpaka mwisho, ajue kwamba anachoma fedha.

Betri ikichakaa, hainyamazi ghafula. Upinzani wa ndani huongezeka, na volti hushuka kila sauti nzito inapoitwa. Maneno husikika vizuri, lakini ngoma hukwaruza. Watu wengi huzianika betri juani, nazo hufufuka kwa muda. Si uchawi: joto huurahisishia umeme njia kwa kitambo kidogo, ila haliongezi chakula kilichokwisha kuliwa. Hatari yake ni kwamba ganda la betri hiyo ni zinki, na zinki ndiyo iliwayo. Ganda likitoboka, maji makali hutiririka na kula vyuma vya redio. Redio nyingi zimeuawa na betri zilizosahauliwa ndani kuliko zilizouawa na uzee.

TRANSFOMA YA CHUMA

Umeme wa ukutani ni wa namna nyingine. Hapa Uganda, ambako bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, umeme huja nyumbani kwa volti 240, nao hubadili upande, kwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Huu huitwa mkondo geu. Redio haiwezi kuula kama ulivyo. Hapana budi upunguzwe, unyooshwe na utulizwe.

Kazi ya kupunguza hufanywa na transfoma. Ni nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha mabati ya chuma yaliyobanwa pamoja. Umeme wa ukutani hupita katika waya wa kwanza na kukitia kiini usumaku unaobadilika. Usumaku huo huzaa umeme mpya katika waya wa pili. Ikiwa waya wa kwanza una mizunguko 20 kwa kila mzunguko mmoja wa pili, volti 240 huwa 12. Jambo kubwa hapa ni kwamba nyaya hizo mbili hazigusani. Umeme wa ukutani haufiki kamwe kwenye vidole vya msikilizaji. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa ni la uhai.

Kisha hufuata daiodi nne, ambazo ni kama milango ifungukayo upande mmoja tu. Hizo huugeuza mwendo wa kwenda na kurudi ukawa wa kwenda tu. Lakini umeme huo bado unaruka: hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na ukiachwa hivyo spika itanguruma kama nyuki mzingani. Hapo huwekwa kapasita, chombo kinachojaa umeme unapopanda na kuutoa unaposhuka, mithili ya mtungi chini ya mchirizi wa paa.

Ukubwa wa mtungi huo si mapambo. Chukua amplifaya inayovuta ampea moja. Kwa kapasita ya mikrofaradi 1,000, volti zitayumba kwa wastani wa hata 8 au 10 kati ya mruko na mruko, na hiyo si redio tena bali ni kelele. Kwa mikrofaradi 4,700 zitayumba kiasi cha 2. Kwa 10,000 zitayumba 1. Mtengenezaji atakaye kupunguza gharama huanzia hapo, kwa sababu mnunuzi haoni ndani. Kadhalika kapasita za namna hii zina maji yake ya kemikali, nayo hukauka baada ya miaka mingi, hasa penye joto. Redio ya zamani iliyokuwa nzuri na sasa inavuma, aghalabu haina ugonjwa mwingine isipokuwa mtungi uliokauka. Tiba yake ni rahisi kwa fundi ajuaye kazi yake.

Kwa vyombo vinavyotaka usafi zaidi, kama maikrofoni au kichwa cha kusomea kanda, huongezwa kidhibiti cha volti. Hiki huchukua umeme unaoyumba, tuseme kati ya volti 15 na 17, na kutoa 12 zisizotikisika. Ziada yote hugeuka joto. Ndiyo maana chombo cha namna hii huwa na bati lenye mapezi ya kupoozea, na ndiyo maana si vyema kukifunika kwa kitambaa cha mapambo, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi.

Aina hii ni nzito na hupoteza umeme mwingi kwa joto, lakini ni tulivu, ni imara, na hutengenezeka. Transfoma iliyoungua huweza kusukwa upya.

NJIA YA KUKATAKATA

Aina ya tatu ndiyo iliyoenea kuliko zote siku hizi, nayo imo katika vichaji vya simu, katika televisheni na katika amplifaya nyepesi zibebwazo kwa mkono mmoja. Ili msomaji aielewe, na afikiri juu ya watu wawili wanaoteka maji kisimani. Wa kwanza huenda mara 50 tu, kwa hiyo anahitaji pipa. Wa pili huenda mara 50,000 katika muda ule ule. Huyo atatosheka na kifuu cha nazi. Transfoma ya chuma ni yule wa kwanza. Chombo cha kukatakata ni yule wa pili.

Chombo hiki huunyoosha kwanza umeme wa ukutani wenyewe, bila kuupunguza, ukafika zaidi ya volti 300. Kisha transista huukata vipande vipande, makumi ya maelfu ya mara kila sekunde, na vipande hivyo hupita katika transfoma ndogo sana. Kwa kuwa transista hufungua kabisa au kufunga kabisa, bila kukaa katikati, joto ni dogo: aghalabu zaidi ya asilimia 80 ya umeme hufika kazini.

Wazo hili si geni kama linavyodhaniwa. Redio za magari za miaka ya 1930 zilikuwa na vali zilizotaka volti nyingi, ilhali betri ya gari ilitoa 6 tu. Ndani yake kuliwekwa ulimi wa chuma uliotetemeka na kuukata umeme zaidi ya mara 100 kila sekunde, ili uweze kupita katika transfoma na kupandishwa. Kilichobadilika ni kasi, na ulimi wa chuma kugeuka transista.

Je, kukatakata huko hakusikiki? Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na chombo hiki hukata juu ya hapo. Kikitengenezwa vizuri na kuwekewa machujio, hulisha amplifaya nzuri kabisa. Lakini kikitengenezwa kwa ubahili, makali ya vipande vile huruka nje kama cheche, kupitia nyaya na hewani, na kuangukia mahali pale pale zilipo stesheni za masafa ya kati na masafa mafupi. Mwananchi anayesikiliza stesheni ya mbali usiku, akasikia ghafula mchirizo unaoifunika, asiilaumu stesheni. Na achomoe kichaji cha simu kilicho karibu. Mara nyingi adui atakuwa ni huyo.

JUA, GARI NA MKONO

Kwa wasiofikiwa na nyaya, betri ya maji ya volti 12, inayochajiwa na gari au na kioo cha jua, imekuwa mkombozi. Usafi wake ni kama wa betri kavu, nayo hujazwa tena na tena. Kitu cha kuangaliwa ni kwamba haipendi kumalizwa. Ikiachwa tupu siku nyingi, risasi iliyo ndani yake huota ukoko na uwezo wake hupungua.

Mkono nao haukusahauliwa. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis, baada ya kutazama habari za kuenea kwa UKIMWI barani Afrika na haja ya kuwafikishia watu mafundisho bila gharama ya betri, alibuni redio inayojazwa kwa kupindwa kama saa. Ilitengenezwa kiwandani Cape Town katika miaka ya 1990, na kuipinda mara moja kulitosha kwa kiasi cha nusu saa ya kusikiliza. Yeye hakutafuta redio bora, redio zilikuwapo. Alichotafuta ni chakula chake.

Na hata studio kubwa hukabiliwa na swali hilo hilo. Mwaka 1966 shirika la utangazaji la Norway lilitaka maikrofoni ambazo hazingehitaji kasha la umeme pembeni. Studio zake zilikuwa tayari na volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Kampuni ya Neumann ya Ujerumani ikaupitisha umeme huo katika nyaya zile zile zilizobeba sauti. Hata leo volti 48 ndizo zinazolisha maikrofoni za studio ulimwenguni kote, kwa sababu ya taa za Norway.

MASHAURI KWA MNUNUZI

Kwanza, usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye kasha. Tazama nyuma ya chombo cha kulishia, zidisha volti kwa ampea, nawe utapata ukweli. Kilichoandikwa volti 12 na ampea 2 kina wati 24, basi. Ikiwa spika imeandikwa wati 1,000 na inalishwa na kasha hilo, wino ndio wenye nguvu, si umeme. Hakuna amplifaya iwezayo kudumu ikitoa zaidi ya inavyopokea.

Pili, ukibadili kasha la kulishia, mambo matatu yachunguzwe. Volti ziwe sawa na za zamani. Ampea ziwe sawa au zizidi. Zikizidi hazina madhara, kwa kuwa chombo huvuta kiasi kinachokihitaji. Na upande wa chanya na hasi uwe ule ule, kwani makosa hapo huunguza redio kabla hujauondoa mkono. Ifahamike pia kwamba makasha ya zamani ya transfoma yasiyo na kidhibiti, yaliyoandikwa volti 9, hutoa hata 12 au zaidi yasipovutwa sana.

Tatu, msaidie fundi wako kwa kusikiliza. Teremsha sauti mpaka chini kabisa. Mvumo ukibaki vile vile, yaelekea ugonjwa uko katika chombo cha kulishia. Mvumo ukiondoka pamoja na sauti, tafuta katika nyaya za kuingizia muziki.

Nne, na hili ndilo kubwa, usiuze uhai wako kwa bei ya fyuzi. Tulisema kwamba katika transfoma nyaya mbili hazigusani, na katika chombo kizuri cha kukatakata pia ni hivyo. Ukuta huo mwembamba wa kizio ndio unaosimama kati ya volti 240 na mkono wa mtoto anayeshika redio. Baadhi ya redio za zamani za vali hazikuwa na transfoma, na chuma chake kiliunganishwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Hizo zisifunguliwe na asiyejua. Makasha ya bei ya chini mno huokoa senti kwa kuupunguza ukuta huo. Waya wa ardhi usikatwe kwa sababu eti unaleta mvumo. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa waya wala kwa karatasi ya fedha ya sigara, kwani fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Wala kasha la kukatakata lisifunguliwe mara tu baada ya kuchomolewa, kwa maana kapasita yake yaweza kushikilia zaidi ya volti 300 kwa muda, nayo haitoi onyo.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vyombo vya sauti ufa aghalabu huanzia kwenye umeme, na kuuziba huwa rahisi kuliko kununua redio mpya. Anayetaka kununua na anunue kwanza chakula kizuri, ndipo atafute mlaji. Na aliye na redio iliyonyamaza kabatini na aitoe, afungue mlango wa betri, afute kutu, apime volti. Huenda redio hiyo haikufa, bali ilishikwa na njaa tu.